Wanyama Wajifichao na Wanyama Wajionyeshao: Mazungumzo kwa Watu wa Tseikuru

Mtoto wa Tseikuru apelekaye mbuzi malishoni asubuhi hupita njia ile ile kila siku, naye huijua kama aijuavyo nyumba ya mama yake. Ajua mbuyu uko wapi, ajua mahali pa kuvukia mto wa mchanga, tena ajua miti ipi ina miiba ya kushika nguo. Hata hivyo, katika njia hiyo hiyo, pengine hatua tatu tu kutoka unyayo wake, wako viumbe wengi wamtazamao ambao yeye hajawaona hata siku moja. Digidigi amesimama nyuma ya kijiti, hatikisi hata sikio. Ndege amelala juu ya mayai yake kati ya majani makavu. Chini ya kichaka bafe amejikunja. Si kwamba macho ya mtoto ni mabovu. Macho yake ni mazima kabisa, ila viumbe hao wamekaa vizazi visivyohesabika wakishindana na macho makali kuliko yake, ya mwewe na ya chui. Wale walioonekana upesi waliliwa zamani, wengi wao kabla ya kuacha watoto. Na wale waliosalia ndio wazazi wa hawa waliopo leo.

Nchi ya Tseikuru ni mahali pazuri pa kujifunza habari hii. Kutoka mjini kwenda Mto Tana ni vichaka vya migunga na miti mingine ya miiba, ardhi nyekundu, mawe, na mito ya mchanga ipatayo maji siku chache tu za mwaka. Sehemu ya nchi hiyo ni hifadhi ya wanyama iitwayo Mwingi, na jirani yake iko mbuga ya Kora, alikokaa Bwana George Adamson na simba wake tangu mwaka 1970 hata alipouawa na majambazi mwaka 1989. Miezi mingi nchi hii huwa ya rangi ya majivu, majani yamepukutika na kivuli ni haba. Mvua za Novemba zikinyesha, katika siku chache tu kila kitu ni kijani. Basi nchi ina mavazi mawili, lakini mnyama aghalabu ana vazi moja tu. Afanyeje?

Wako wadudu ambao wamepewa mavazi mawili. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini wako vipepeo wadogo wa rangi ya udongo, wa jamii ambayo wataalamu huiita Bicyclus. Wale wazaliwao wakati wa mvua wana madoa kama macho pembeni mwa mabawa yao, na ndege akidonoa, hudonoa doa, akapata kipande cha bawa tu na kipepeo akaenda zake. Wale wazaliwao wakati wa kiangazi hawana madoa hayo, au wanayo madogo sana. Hukaa juu ya majani makavu wasionekane. Wote ni watoto wa ukoo mmoja. Joto alilolipata kiwavi alipokuwa akikua ndilo liamualo atavaa vazi lipi.

Lakini wanyama walio wengi hawana bahati hiyo. Hao hutegemea jambo jingine ambalo watu huwa hawalifikirii wanapozungumza habari za rangi, nalo ni kutulia. Rangi bila kutulia ni kazi bure. Digidigi, ambaye uzito wake ni kilo 5 hivi, ana manyoya ya kijivu yaliyochanganyika na wekundu wa kutu, rangi ifaayo sana kwa vichaka vya Kitui. Lakini akitikisa mkia au kugeuza kichwa mara moja tu, chui aliye mbali amekwisha kumwona. Jicho la mnyama awindaye limeumbwa kushika kitu kiendacho. Ndiyo sababu digidigi husimama kama kijiti mpaka adui afike karibu mno, ndipo aruke kwa kupinda huku na huku. Tandala mdogo naye hufanya vivyo hivyo. Mistari myeupe ya ubavuni mwake hulikata umbo lake vipande vipande, hata mtu atazamaye kichakani huona nuru na vivuli, asione mnyama.

Kati ya wote wajuao kutulia katika nchi hii, hakuna ampitaye bafe, ambaye wengine humwita kifutu. Nyoka huyu ni mnene, kichwa chake ni kipana, na mgongoni ana alama za rangi ya kahawia, nyeusi na manjano zilizopangwa kama mishale. Akiwa juu ya sakafu ya saruji, mtoto mdogo humwona mara moja. Akiwa chini ya mgunga, juu ya majani makavu na changarawe, mtu mzima aweza kumtazama na asijue kwamba anatazama nyoka. Yeye hamkimbizi panya wala chura. Hulala mahali pamoja, siku moja, siku mbili, hata majuma, akingoja mpaka chakula kipite mbele yake. Wengi hufikiri kwamba nyoka akisikia mtu aja, atakimbia. Nyoka wengi hukimbia kweli, bafe hubaki. Usalama wake wote umo katika kutokuonekana, na kwake kukimbia ni kujitangaza.

Mwaka 1990 mtu angesema kwamba habari ya bafe imekwisha hapo. Lakini mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika ya Kusini, walitangaza jambo la ajabu zaidi. Walijiuliza: mnyama alalaye mahali pamoja siku nyingi hivyo, mbona hapatikani na nguchiro, mbweha na wengineo wawindao kwa pua? Wakafundisha mbwa, na pamoja nao wanyama wadogo wa jamii ya nguchiro, kutafuta nyoka kwa harufu. Wanyama hao waliwatambua nyoka wengine bila shida. Walipoletewa harufu ya bafe aliye hai, walishindwa, hali gamba alilolivua bafe yule yule walilitambua. Maana yake ni kwamba bafe ajifichaye hajifichi kwa macho tu. Amejificha hata puani. Mbwa wa mchungaji apitaye karibu naye hakosei kwa uvivu. Hakuna cha kunusa.

Tena bafe ajua kudanganya pamoja na kujificha. Katika nchi hiyo hiyo ya Afrika ya Kusini ameonekana akitoa ulimi wake na kuuchezesha polepole, muda mrefu kuliko nyoka afanyavyo anaponusa hewa, ili chura adhani kwamba ni mdudu. Chura husogea aule. Mwili wote wa nyoka umelala kama jiwe, na kipande kimoja tu kinacheza.

Habari hii si ya kustaajabia tu, kwa maana watu huumia. Bafe ni mmoja wa nyoka waletao madhara makubwa kuliko wote katika Afrika, si kwa kuwa ni mkali, bali kwa kuwa hukanyagwa. Sumu yake huvimbisha mguu, huleta maumivu makali, huozesha nyama, na wako watu waliopona wakabaki bila mguu. Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka ugonjwa wa kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na wauguao zaidi ni wakulima, wachungaji na watoto wa mahali palipo mbali na hospitali; yaani watu kama hawa wa nyika ya Tseikuru.

Basi mtu ajuaye namna bafe aishivyo aweza kumwepuka vizuri kuliko mtu amwogopaye tu. Asitegemee mbwa. Asitegemee kishindo cha miguu, kwa sababu bafe hatakimbia. Usiku achukue taa, na amulike pale atakapoweka unyayo, si mbele sana. Avae viatu. Asitie mkono ndani ya rundo la kuni au chini ya gogo kabla ya kulipindua kwa fimbo. Apitapo juu ya gogo lililolala njiani, akanyage kwanza juu yake, atazame upande wa pili, ndipo ateremke. Na akisikia mlio kama wa mfuko wa mhunzi uvutao pumzi, asimame pale pale, kisha arudi nyuma taratibu. Mlio huo ni bafe ajuaye kwamba kujificha kumekwisha, naye aomba kuachwa.

Ikiwa mtu amekwisha kuumwa, bangili, pete na viatu vivuliwe upesi kabla ya uvimbe. Mguu au mkono ulioumwa ufungwe ubao usichezechezwe, na mgonjwa achukuliwe hospitali bila kukawia, abebwe ikiwezekana, asitembee. Asichanjwe kwa wembe, asifyonzwe sumu kwa mdomo, asifungwe kamba ya kukaza damu, wala asipakwe dawa ya mizizi. Kamba ya kukaza, hasa kwa sumu ya bafe, huweza kuuangamiza mguu ambao nyoka peke yake asingaliuangamiza. Jambo hili wazee wengine hulipinga, kwa kuwa wamemwona mtu aliyefungwa kamba akapona. Huenda ni kweli walimwona. Lakini nyoka mara nyingine huuma asitoe sumu, na mgonjwa wa namna hiyo angepona hata bila kamba.

Baada ya bafe yafaa kutaja ndege walalao chini, kwa kuwa kwao utulivu umepimwa kwa hesabu. Kila mtu aliyesafiri usiku katika barabara ya Kyuso amemwona yule ndege akaaye katikati ya njia, macho yake yakiwaka mbele ya taa za motokaa, akaruka dakika ya mwisho. Mchana ndege huyo hulala juu ya mayai yake chini kabisa, bila kiota, na manyoya yake ni picha halisi ya majani yaliyooza na maganda ya miti. Nchini Zambia wataalamu walipiga picha za ndege wa namna hiyo, na za ndege wengine watagao wazi juu ya ardhi, wakazipima kwa namna wanyama wale mayai waonavyo rangi. Waliona, mwaka 2016, kwamba wale waliofanana zaidi na mahali pao walipona zaidi. Wale warukao mapema adui akiwa bado mbali, wokovu wa mayai ulitegemea rangi ya mayai yenyewe. Wale wakaao mpaka mwisho, ulitegemea rangi ya mzazi ayafunikaye.

Mwaka uliofuata walitangaza jambo jingine lililo zuri zaidi. Ndege wa aina moja hawafanani kabisa kwa rangi. Mmoja ni mweusi kidogo, mwingine ni mwekundu kidogo. Na kila mmoja alikuwa amechagua mahali palipomfaa yeye mwenyewe kuliko mahali pengine palipo karibu. Ndege huyo ajuaje rangi yake? Hana kioo. Labda hujitazama mwilini, labda hutazama mayai yake, labda huhama akiisha kupoteza mayai mahali pabaya. Jibu la hakika bado halijapatikana. Lakini ni wazi ya kuwa rangi amepewa na mahali amechagua.

Mtu akiulizwa amtaje mnyama ajifichaye, hutaja kwanza kinyonga, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Kinyonga hageuki kufuata kila kitu akanyagacho. Akiwekwa juu ya kitambaa chekundu hawi mwekundu. Rangi yake ya kawaida, ya kijani au ya udongo, yamfaa sana mtini, na mwendo wake wa kuyumba hufanana na jani lipulizwalo na upepo. Huko ndiko kujificha kwake. Kugeuka rangi kwake kwingi ni usemi: amekasirika, amemwona jike, ameshindwa vita, ama aona baridi na ataka kuota jua. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva walieleza kwamba ndani ya ngozi yake mna chembe ndogo mno za fuwele, naye huzisogeza karibu karibu au mbali mbali, na nuru ikirudi hutoka kwa rangi nyingine. Hadithi ya Wakamba husema ya kuwa kinyonga alitumwa kuwapelekea watu habari ya kufufuka, akakawia katika kusema kwake, na ndege akamtangulia kwa habari ya mauti. Watu wengi wamemchukia kinyonga kwa ajili ya hadithi kama hiyo, maskini, na hali hana sumu wala madhara yoyote.

Kujificha kuna gharama, na kinyonga wa Kenya ametoa ushahidi wa jambo hilo mbali sana na kwao. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu wa milima ya Kenya, 36 hivi, walichukuliwa Hawaii, katika bahari ya Pasifiki, wakaingia msituni wakazaana. Huko hakuna wingi wa ndege na nyoka wawalao kama ulioko huku. Miaka 50 baadaye, mwaka 2022, wataalamu waliwalinganisha wajukuu wa vinyonga hao na ndugu zao waliobaki Kenya. Wale wa Hawaii wanapogombana au kuposa huonyesha rangi za kung'aa zaidi. Basi yaonekana kwamba dume wa Kenya naye angependa kuvaa vizuri zaidi siku ya arusi yake, lakini ndege wanamtazama.

Punda milia hawana budi kutajwa, kwa kuwa shuleni ilifundishwa zamani kwamba mistari yao yawaficha wasionekane na simba. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba simba, kwa nguvu za macho yake, haoni mistari hiyo akiwa mbali, na akifika karibu ya kuiona, amekwisha kumsikia na kumnusa punda. Kwa sasa maelezo yenye ushahidi mwingi zaidi ni mainzi. Mwaka 2019 farasi walivishwa mavazi ya mistari, na mainzi waumao walishindwa kutua juu yao vizuri. Mfugaji ajuaye ugonjwa uletwao na ndorobo hatalicheka jambo hilo.

Sasa ni zamu ya waigaji. Huyu si yule ajifichaye. Yeye hutaka kuonekana, ila aonekane kama mtu mwingine. Mfano wa jambo hili waruka katika mashamba ya Kitui kila mvua inaponyesha, wala hauhitaji darubini. Yuko kipepeo wa rangi ya chungwa arukaye polepole bila woga wowote, jina lake la kitaalamu ni Danaus chrysippus. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe ambayo mbuzi mwenye akili huiacha, na wengi wao huweka sumu ya mimea hiyo mwilini. Ndege mgeni akimla mmoja hutapika, na tangu siku hiyo akiona rangi ya chungwa hugeuza kichwa. Pamoja na huyo huruka kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus. Dume wake ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe, wala hafanani na yeyote. Lakini jike wake ni wa rangi ya chungwa, na mwendo wake ni ule ule wa polepole, hata mtu azoeaye vipepeo hudanganyika. Kiwavi wake hulelewa juu ya magugu ya kawaida yasiyo na sumu. Mwenye kutaka kuwatambua na atazame bawa la nyuma: yule mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati, yule mwigaji ana moja tu, ukingoni mwa mbele.

Tena udanganyifu huu wafuata desturi za mahali. Kipepeo mwenye sumu ana mavazi ya namna mbalimbali katika Afrika ya Mashariki. Wengine wana ncha nyeusi yenye utepe mweupe, na wengine, hasa wa nchi kavu za kaskazini na mashariki, hawana ncha hiyo. Mwigaji naye ana majike wa namna zote mbili. Lakini hawezi kuzidi kiasi. Wadanganyifu wakiwa wengi kuliko wenye sumu, ndege wataonja, wataona ni watamu, na siri itafichuka. Ni kama fedha bandia: hupita sokoni maadamu fedha halali ni nyingi.

Aliyeieleza habari hii kwanza ni Mwingereza Henry Walter Bates, mwaka 1862, baada ya kukaa miaka 11 katika misitu ya Mto Amazon. Katika Afrika ya Mashariki aliyeishughulikia sana ni daktari, G. D. Hale Carpenter, aliyeletwa Uganda mwaka 1910 kwa ajili ya ugonjwa wa malale, akakaa katika visiwa vya Ziwa Victoria. Baada ya kazi yake alikusanya vipepeo, na aliwapa kima wake wadudu wa kila rangi, mmoja mmoja, akaandika walichokula na walichokitupa. Aliyatangaza majaribio hayo mwaka 1921. Wadudu wenye rangi za kujificha waliliwa wengi. Wenye rangi za kujionyesha wengi wao walikataliwa, pengine kwa kununwa na kupangusa mikono. Ni watu wachache wangalikuwa na subira ya kumtumikia kima chakula namna hiyo.

Wafuga nyuki wa Ukambani wamjua nyegere kwa uchungu wa mizinga yao. Mgongo wake ni mweupe, tumbo lake ni jeusi, na rangi hizo mbili ni onyo, kwa kuwa hata simba hufikiri mara mbili kabla ya kumgusa. Watoto wa duma, wangali wadogo, wana manyoya marefu meupe mgongoni na mwili wa giza chini, na wako wataalamu wasemao kwamba huiga sura ya nyegere ili waachwe mama yao akienda kuwinda. Wengine husema manyoya hayo ni ya kujifichia nyasini tu. Huenda yote mawili ni kweli, kwa kadiri atazamavyo mtu akiwa mbali au karibu.

Yuko mdudu mmoja awezaye kuwa wa kujificha na wa kujionyesha katika maisha yale yale, na huyo ndiye awahusuye watu wa Tseikuru kuliko wengine wote, yaani nzige wa jangwani. Wazee wangali wakikumbuka nzige wa utoto wao, na vijana walipata wa kwao. Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi yaliingia Kenya kutoka upande wa Somalia na Ethiopia, na mwanzoni mwa 2020 yalifika Kitui, wakati mashamba ya mtama, mawele na ndengu yalikuwa na chakula. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisema Kenya haikuwa imeona pigo la namna hiyo kwa miaka 70. Kwa hesabu za shirika hilo, kundi la kilometa moja ya mraba huweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, na kwa siku moja hula kiasi cha chakula cha watu 35,000.

Ajabu ni kwamba miaka yote kabla ya hapo nzige hao hawakuwa wametoweka. Walikuwapo jangwani, mmoja hapa na mmoja kule, wasionekane. Nzige akaaye peke yake ni mdudu mwenye haya. Akiwa tunutu, kabla ya kuota mabawa, huwa wa kijani kama jani alikaliapo. Akikomaa huwa wa rangi ya mchanga. Huwakwepa wenzake na husafiri usiku. Mvua ikinyesha vizuri huzaana. Kisha jua likirudi, majani hubaki mahali pachache, nao hulazimika kubanana hapo. Hapo ndipo mambo hugeuka. Kuguswaguswa miguu yake ya nyuma na wenzake kwa saa chache tu kwatosha kumgeuza tabia: yule aliyewakimbia wenzake sasa huwafuata. Na watoto wakuao katika msongamano huo hawawi wa kijani tena. Huwa manjano na weusi, waonekanao kutoka mbali. Wakiota mabawa huwa wa rangi ya waridi, na wakipevuka huwa manjano. Tofauti ni kubwa hata wataalamu wa zamani walidhani ya kuwa nzige waendao makundi na panzi wa peke yao ni aina mbili. Boris Uvarov ndiye aliyeonyesha mwaka 1921, kwa nzige wa jamii nyingine, ya kuwa ni mdudu mmoja.

Kwa nini aache kujificha? Kwa sababu kujificha hakumfai tena. Maelfu yaliyokaa pamoja hayawezi kufichika kwa rangi yoyote. Basi tunutu wa makundi hula hata mimea yenye sumu, na rangi yao ya manjano na nyeusi huwa onyo, kama ile ya nyigu. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2000, mijusi walijifunza upesi kuwaacha tunutu wa rangi hiyo walioshiba majani ya sumu. Yaani mdudu huyu huhama kutoka upande wa digidigi kwenda upande wa nyegere, kwa sababu tu ya wingi.

Kwa wakulima rangi hiyo ni habari yenye thamani. Tunutu ndio wapigwao dawa kwa urahisi, maana hawaruki. Wakisha kuota mabawa, huondoka na upepo, na kazi huwa ya ndege za kunyunyizia dawa. Hivyo mwaka 2020, katika kaunti zilizoshambuliwa za Kenya, watu waliopewa kazi ya upelelezi walizunguka vijijini na simu zenye programu ya kupigia picha na kuonyesha mahali. Walitakiwa waandike nzige walikuwa wa umri gani, wa rangi gani, wametawanyika au wamekaa makundi. Tunutu wachache wa kijani waliotawanyika nyasini walikuwa habari ya kungoja na kurudi kutazama. Tunutu wa manjano na weusi, wamekaa pamoja juu ya kichaka kimoja asubuhi wakiota jua, walikuwa habari ya kupelekwa siku hiyo hiyo. Na aliyewaona kwanza mara nyingi hakuwa mpelelezi, bali mtoto wa mbuzi, aliyekuja nyumbani akisema kwamba kichaka cha karibu na mto wa mchanga kimekuwa na rangi nyingine.